Magereza ambayo Texas haikuyajenga

Januari 2007 wabunge wa Texas walirudi Austin wakakuta makadirio ya Bodi ya Bajeti ya Bunge yakiwasubiri mezani. Jimbo lilikuwa na wafungwa zaidi ya 150,000, na wataalamu wa bodi walisema kufikia 2012 vitatakiwa vitanda vingine zaidi ya 17,000. Kuvijenga na kuviendesha kungekula kama dola bilioni 2. Bunge la Texas hukutana mwaka mmoja na kuruka mmoja, siku 140 basi, kwa hiyo jambo lisilopata jibu kabla ya Juni hulala miaka miwili.

Zamani jibu lingepatikana siku ya kwanza: jengeni. Mwaka 1980 jaji wa shirikisho, William Wayne Justice, aliamua katika kesi iliyofunguliwa na mfungwa David Ruiz kwamba magereza ya Texas yalikuwa yakivunja katiba ya Marekani kwa msongamano, ukatili na matibabu duni. Jimbo lilihangaika na hukumu hiyo kwa miaka, kisha katika miaka ya 1990 likaamua kujinasua kwa zege. Chini ya Ann Richards wa Democratic, halafu George W. Bush wa Republican, nafasi za wafungwa ziliongezeka karibu mara tatu, kutoka kama 50,000 hadi 150,000. Vyama viwili, sera moja. Miji midogo iliyokuwa imepoteza viwanda na mashamba iligombania kupewa gereza kama inavyogombania kiwanda kipya.

Mwaka 2007 hawakujenga. Sababu za kutojenga ndizo zinazokifanya kisa hiki kistahili kusomwa polepole, maana kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya watu wagumu waliolainika moyo, na haikuwa hivyo hata kidogo.

Miaka miwili kabla, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, Tom Craddick, alimkabidhi Jerry Madden uenyekiti wa kamati ya magereza. Madden alikuwa mbunge wa Republican kutoka Plano, mhandisi aliyesomea chuo cha kijeshi cha West Point, na magereza hayakuwa fani yake. Alipouliza anatakiwa afanye nini, jibu la Spika, ambalo Madden amelisimulia mara nyingi hadharani, lilikuwa fupi: usijenge magereza mapya, yanagharimu mno. Katika agizo hilo hakuna haki za wafungwa, hakuna ubaguzi wa rangi, hakuna nafasi ya pili. Kuna bili tu.

Mwenzake upande wa Seneti alikuwa John Whitmire, Mdemokrasia wa Houston aliyekuwa amekaa bungeni miaka mingi kuliko karibu wote. Wawili hao walimtafuta Tony Fabelo, mtafiti aliyeongoza ofisi ya jimbo ya takwimu za haki jinai hadi Gavana Rick Perry alipoinyima bajeti mwaka 2003. Fabelo hakuanza na swali la nani anastahili kufungwa. Alianza na swali la mhasibu: hawa watu wanaingia kwa mlango gani, na kwa nini hawatoki?

Majibu hayakuwa yale ambayo wabunge wengi walikuwa wakiwaeleza wapiga kura wao. Magereza hayakuwa yakijaa kwa sababu uhalifu ulikuwa unapanda. Sehemu kubwa ya walioingia walikuwa tayari mikononi mwa mahakama wakitumikia kifungo cha nje, wakavunja sharti mojawapo, jaji akakifuta. Wengine walikuwa wagonjwa wa ulevi na dawa za kulevya waliowekwa kwenye foleni ya matibabu yasiyo na nafasi. Na Bodi ya Parole, inayoamua nani aachiliwe kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, ilikuwa ikiachia wafungwa wachache kuliko miongozo yake yenyewe ilivyoelekeza. Kulikuwa hata na watu waliokwisha kukubaliwa parole lakini wamekwama ndani, kwa sababu programu waliyotakiwa kuimaliza kabla ya kutoka ilikuwa na foleni.

Tutazame mlango mmoja kwa karibu. Tuseme kijana wa Dallas amekamatwa na kokeini isiyofika gramu moja, kosa ambalo kwa sheria za Texas tayari ni jinai nzito ya ngazi ya chini. Jaji anampa kifungo cha nje. Kijana anatakiwa kuripoti kwa afisa wake, kulipa ada kila mwezi, kushika kazi, kutoa mkojo upimwe. Afisa ana mafaili zaidi ya mia moja mezani. Mwezi wa nne mkojo unaonyesha dawa. Jaji angependa kumpeleka kwenye matibabu ya ndani ya miezi sita, lakini hakuna kitanda, na kungoja kitanda maana yake kijana akae kwenye jela ya kaunti, ambayo kaunti ndiyo inailipia. Akimwacha nje na kijana akafanya la kufanya, jina la jaji litakuwa gazetini, na Texas majaji huchaguliwa kwa kura. Akimpeleka gerezani, anayelipa ni jimbo. Kaunti haitoi hata senti.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote, na ningeomba msomaji asipapite haraka. Jaji hakuwa mkatili. Alikuwa mbele ya bei mbili, moja ya mtaani kwake na moja ya mtu mwingine, akachagua ya mtu mwingine. Kitanda cha gerezani kiliigharimu Texas zaidi ya dola 40 kwa siku. Kumsimamia mtu nje kuligharimu dola chache. Kila aliyesukumwa ndani kwa kukosa nafasi ya matibabu alikuwa hasara kwa mlipakodi, na hasara hiyo haikuonekana popote kwa sababu ilikuwa imegawanywa kwenye daftari mbili zisizosomwa pamoja.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Mwaka 2005 Madden na Whitmire walipitisha muswada wa kufupisha vifungo vya nje, na Gavana Perry akaupiga kura ya turufu. Kilichonusurika kilikuwa kipengele cha bajeti: kama dola milioni 55 kwa idara za kifungo cha nje zilizokubali kupunguza mafaili kwa kila afisa na kutumia adhabu za hatua kwa hatua badala ya kumkimbiza mtu gerezani kwa kosa la kwanza. Idara zilizochukua fedha hizo zilifanya vizuri, na watetezi wakapata kitu ambacho hawakuwa nacho mwanzoni, yaani matokeo ya nyumbani. Wabunge wa Texas hawapendi kufundishwa na New York au California. Kusikia kutoka kwa afisa wa kaunti yao wenyewe ilikuwa habari nyingine.

Mwaka 2007 kifurushi kikarudi kikiwa kimenenepa: dola milioni 241. Vitanda 800 vya matibabu ya ndani kwa walio kwenye kifungo cha nje, nafasi 3,000 za matibabu ya kwenda na kurudi, vitanda 1,400 vya vituo vya kati ambako mtu aliyevunja sharti angeshikiliwa wiki kadhaa badala ya kufungwa miaka, na nafasi nyingine za matibabu ndani ya magereza yenyewe ili foleni ya parole isogee. Muda wa juu wa kifungo cha nje kwa makosa kadhaa ya mali na dawa za kulevya ulishuka kutoka miaka 10 hadi 5, kwa hoja kwamba anayeharibikiwa kwa kawaida huharibikiwa mapema, na miaka ya mwisho humchosha afisa bure. Kulikuwa hata na fedha za wauguzi wa kuwatembelea nyumbani mama maskini wenye mtoto wa kwanza, familia kama 2,000. Hicho kwangu ndicho kipengele cha kushangaza kuliko vyote: bajeti ya magereza ikifika mpaka kwenye kitanda cha mtoto mchanga.

Mara hii Perry alitia saini. Tunaweza kuona kwa nini. Hakuna kifungo cha gerezani kilichofupishwa. Kikao hichohicho kilipitisha sheria kali zaidi dhidi ya wanaonajisi watoto, na Texas tayari ilikuwa ndiyo jimbo linalonyonga, au kwa usahihi linaloua kwa sindano, kuliko lingine lolote. Nani angelisema lina huruma ya kupitiliza? Zaidi ya hayo, bunge liliacha mlango wa dharura: ruhusa ya kukopa na kujenga magereza matatu endapo mpango ungefeli. Mwanasiasa mwenye wasiwasi alikuwa na pa kuegemea. Magereza hayo matatu hayakujengwa.

Matokeo yalikuja haraka kuliko ilivyo kawaida ya sera. Katika miaka miwili ya kwanza wafungwa waliongezeka kwa mamia tu, karibu 500, badala ya zaidi ya 5,000 waliokadiriwa. Mwaka 2011 Texas ilifunga gereza kwa mara ya kwanza katika historia yake, Central Unit ya Sugar Land, lililokuwa likifanya kazi tangu 1909. Mengine mawili, ya Dallas na Mineral Wells, yote yakiendeshwa na kampuni binafsi, yalifungwa 2013. Kufikia 2017 yaliyofungwa yalikuwa manane.

Sugar Land panataka maneno mawili zaidi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe jimbo lilikuwa likiwakodisha wafungwa, wengi wao watu weusi, kwa wenye mashamba ya miwa, na mtindo huo uliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2018, wilaya ya elimu ya Fort Bend ilipokuwa ikijenga shule ya ufundi karibu na lilipokuwa gereza hilo, mashine zilifukua mabaki ya watu 95 waliokufa katika kazi hizo. Yaani hesabu za fedha hazikuingia magerezani mwa Texas na Madden. Zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichobadilika mara hii ni upande zilikoelekea.

Sasa sifa. Kuanzia 2010 taasisi ya Texas Public Policy Foundation, ya kihafidhina hasa, ilianzisha kampeni iitwayo Right on Crime na kuitembeza Texas kama kielelezo kwa majimbo mengine. Georgia, South Carolina na mengine yalikuja na sheria za aina hiyo, na sauti hizohizo zilisikika Washington wakati wa First Step Act, sheria ya shirikisho ya 2018 ya kulegeza vifungo. Hoja waliyopenda kuirudia ni kwamba Texas ilifunga magereza na uhalifu ukashuka. Ni kweli ulishuka. Lakini ulishuka pia katika majimbo ambayo hayakugusa chochote, kwa hiyo kudai kwamba mageuzi ndiyo yaliyoushusha ni kujitwalia zaidi ya haki. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika kinanitosha: waliacha kujenga, na anga halikuanguka.

Kwa vijana, mwaka huohuo wa 2007, msukumo haukuwa wa hesabu. Magazeti yalifichua Februari 2007 kwamba watoto walikuwa wakinajisiwa katika shule ya kurekebisha tabia huko Pyote, magharibi mwa jimbo, na kwamba wakubwa walijua. Miezi michache baadaye sheria ilikataza kuwapeleka kwenye vituo vya jimbo watoto wenye makosa madogo, na umri wa juu wa kukaa humo ukashuka kutoka miaka 21 hadi 19. Kutoka karibu watoto 5,000, vituo hivyo vilishuka chini ya 2,000 katika miaka michache. Aibu, inaelekea, hufanya kazi haraka kuliko lahajedwali, ingawa haina ratiba.

Shuleni kwenyewe ndiko kulikochelewa, na ndiko ambako mantiki ya foleni na milango ilionekana wazi kuliko mahali pengine. Mwaka 2011 utafiti wa Baraza la Serikali za Majimbo na Chuo Kikuu cha Texas A&M ulifuatilia rekodi za wanafunzi karibu milioni moja, wote walioanza darasa la saba katika miaka mitatu, hadi walipomaliza sekondari. Karibu asilimia 60 walikuwa wamesimamishwa au kufukuzwa angalau mara moja. Na katika adhabu hizo zote, kama 3 tu kwa kila 100 ndizo ambazo sheria ya jimbo ilizilazimisha. Nyingine zote zilitokana na uamuzi wa shule. Mwanafunzi mweusi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 31, wa kupata adhabu za hiari hizo hata watafiti walipomlinganisha na mzungu anayefanana naye kwa kila kitu kingine kilichopimika. Aliyesimamishwa alikuwa karibu zaidi kurudia darasa, kuacha shule na kufika mahakama ya watoto.

Texas ilikuwa na mazoea mengine mawili ya ajabu. La kwanza, polisi wa shule waliweza kumwandikia mtoto tiketi ya kosa la jinai kwa kuvuruga darasa, akaenda mbele ya hakimu yuleyule anayesikiliza kesi za mwendo kasi. La pili, utoro ulikuwa kosa la jinai katika mahakama za watu wazima, jambo ambalo Texas ilishirikiana na Wyoming pekee. Mwaka 2013 Texas ilifungua kesi za utoro zaidi ya 100,000, zaidi ya mara mbili ya majimbo mengine yote kwa pamoja. Faini ilifika dola 500. Mtoto anakosa shule kwa sababu mama anafanya kazi usiku na hakuna wa kumpeleka mdogo wake kwa mlezi. Anatozwa faini ambayo mama hana. Faini isipolipwa, akifika miaka 17 anaweza kulala jela, na akilala jela anakosa shule.

Whitmire alikuwa mmoja wa walioandika sheria za 2013 zilizoondoa tiketi za kuvuruga darasa. Utoro ulitolewa kwenye jinai mwaka 2015, Gavana Greg Abbott akatia saini, na Jaji Mkuu wa jimbo, Nathan Hecht, Mrepublican, alikuwa amelipigia debe jambo hilo waziwazi. Sheria hiyo ilianza Septemba, na rekodi za waliohukumiwa zamani zikafutwa.

Mpaka hapa kisa kinapendeza. Kinachoniudhi ni mwaka 2011, ambao wasimuliaji wa Right on Crime huupita wakiangalia upande wa pili. Mapato ya jimbo yalikuwa yameporomoka baada ya mtikisiko wa uchumi. Bunge lilelile lililosifiwa kwa kufunga Central Unit lilikata dola bilioni 5.4 kwenye elimu ya umma. Zaidi ya wilaya 600 za shule zilikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba mfumo wa fedha za shule una kasoro tele lakini unakidhi kiwango cha chini cha katiba. Fedha kubwa zilirudi tu mwaka 2019. Na ndani ya magereza, wilaya ya elimu ya Windham, ambayo tangu 1969 huwafundisha wafungwa kusoma na ufundi, ilikatwa karibu robo ya bajeti.

Fikiria hilo la Windham. Kama hoja ya 2007 ilikuwa kwamba inalipa kumzuia mtu asirudi, basi shule ya gerezani ni mahali pa mwisho pa kupeleka mkasi. Ila hoja haikuwa hiyo. Hoja ilikuwa kuepuka bili ya mwaka huu, na mwaka 2011 shule ya gerezani ilikuwa bili ya mwaka huo. Hakuna sheria iliyosema dola isiyotumika kwa zege iende kwenye matibabu au darasani. California, wapiga kura walipopunguza makosa kadhaa mwaka 2014 kupitia Pendekezo la 47, iliandikwa kabisa kwamba akiba igawanywe: asilimia 65 kwa matibabu, 25 kwa shule zenye watoro, 10 kwa waathirika wa uhalifu. Akiba yenyewe ilikuwa ndogo kuliko walivyotangaza wapiga debe, lakini ilikuwa na anwani. Ya Texas ilimwagwa kwenye mfuko mkuu, na huko kila dola ina jamaa wengi.

Kuna upungufu wa pili, na si wa pesa tu. Kwa kuwa vifungo vyenyewe havikuguswa, idadi ilishuka taratibu mno. Muongo mmoja baada ya mageuzi Texas bado ilikuwa na wafungwa kama 145,000, wengi kuliko jimbo lolote. Janga la korona, lililofunga mahakama, lilishusha idadi kwa miaka miwili kuliko Madden na Whitmire kwa kumi, hadi kama 120,000. Mahakama zilipofunguka idadi ikaanza kupanda, ikapita 130,000. Madden aliondoka bungeni mapema. Whitmire ni meya wa Houston tangu Januari 2024.

Kwa sasa bili iliyoko mezani ni ya joto. Magereza mengi ya Texas hayana viyoyozi katika sehemu kubwa wanakolala wafungwa, na kiangazi ndani ya kuta hizo hupita nyuzi 38 za Selsiasi. Machi 2025 jaji wa shirikisho wa Austin, Robert Pitman, alieleza kwamba hali hiyo inakwenda kinyume na katiba, ingawa hakuamuru viyoyozi vya muda vifungwe mara moja. Idara ya magereza imekadiria gharama kuwa zaidi ya dola bilioni 1. Miezi miwili baadaye Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kufunga viyoyozi kwa awamu hadi 2032. Ulipofika Seneti haukupigiwa kura, na siku 140 zikaisha.